Kujitolea misheni Ukerewe: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Likizo zikikaribia, simu huanza kuita na maswali huwa yale yale. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu tunayowapa watu, bila kuremba. Kituo chetu ni cha parokia ya Kikatoliki, upande wa vijijini, kwa hiyo mengi ya humu yanahusu mazingira hayo. Ukienda kwa Waanglikana au kanisa la AIC (Africa Inland Church) utakuta ratiba nyingine, ila ziwa ni lile lile.

Ukerewe ni wapi, na nafikaje?

Ni kisiwa kikubwa ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa jiji la Mwanza. Wilaya nzima ina visiwa 38. Baadhi vina vijiji vya kudumu, vingine ni kambi za wavuvi tu. Makao makuu ni Nansio. Njia ni mbili. Ya kwanza ni meli kutoka Mwanza hadi Nansio, saa tatu hadi nne hivi. Ya pili ni basi kupitia Bunda mpaka Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, halafu unamalizia kwa barabara. Hii ya pili ni ndefu kwa anayetoka Mwanza, lakini kipande cha majini ni kifupi, na anayeogopa maji aichukue hiyo bila aibu.

Tupigie simu ungali Mwanza au Bunda, usingoje mpaka umeshuka gatini na mabegi huku madereva wa bodaboda watano wamekuzunguka.

Usafiri wa majini ni salama?

Ukiuliza hivyo hapa, utajibiwa kwa tarehe: 20 Septemba 2018. Siku hiyo MV Nyerere, ikitoka Bugolora kwenda Ukara, ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kutia nanga. Walikufa watu zaidi ya 220. Kivuko kilikuwa kimebeba abiria kupita uwezo wake, wengi wao wakitoka gulioni. Baadhi ya marehemu walizikwa kule kule Ukara, na ukikaa nasi mwezi wa tisa utasikia majina yakitajwa katika nia za misa.

Kwa hiyo tuna masharti, na hatuyajadili. Hupandi chombo kilichojaa, hata kama ndani yake wamo wazee wa kanisa wanaokuita kwa mkono. Jaketi la kuokolea linavaliwa. Usilifanye mto wa kukalia. Safari za mtumbwi wa mashine tunazifanya asubuhi mapema, kwa sababu kuanzia mchana upepo hupanda na mawimbi hukua. Ziwa likichafuka tunalala tulipo. Mwenyeji atapika, na kazi uliyokuwa uifanye kesho itafanywa keshokutwa.

Mimi si Mkatoliki. Naweza kuja?

Karibu. Tumepokea Walutheri, Wasabato na Wapentekoste. Tunachoomba ni uhudhurie sala za pamoja kwa heshima. Hulazimiki kufanya ishara ya msalaba wala kwenda komunyo. Msabato atapewa Jumamosi yake bila swali, na waumini wenzake wapo wengi tu kisiwani wa kusali nao.

Nitafanya kazi gani hasa?

Inategemea umekuja na mikono gani. Mwalimu atasaidia twisheni za jioni, hasa hisabati na Kiingereza. Muuguzi, akiwa na vyeti vyake na kibali cha zahanati, atasaidia kliniki ya mama na mtoto. Fundi seremala tunamsubiri kama mvua, madawati yameisha miguu.

Lakini wengi wanaokuja hawana fani kama hizo, na wakifika hushangaa kazi zilivyo ndogo ndogo: kuchota maji, kuchambua maharage, kuandika upya daftari la ubatizo ambalo mchwa wamelila pembeni, kumsindikiza katekista, yaani mwalimu wa dini, kwa baiskeli kwenda kumwona mgonjwa. Kuna vijana hutupigia wakisema wanakuja "kuanzisha mradi". Tunawaambia wakae kwanza. Miradi iliyoanzishwa na wageni ipo mingi huku, na mabanda yake yamekuwa nyumba za mbuzi. Kanisa la hapa lina watu wake: halmashauri ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa), vyama vya akina mama (WAWATA), akina baba (UWAKA) na vijana (VIWAWA), makatekista walioanza kazi kabla hujazaliwa. Wao ndio wenye kazi. Wewe unashika upande mmoja wa mzigo.

Siku ya kawaida ikoje?

Kengele hulia kungali giza. Kwetu kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na anayeigonga ana mkono wake. Wenyeji humtambua kwa mlio kama ni yeye au ni mwanawe. Misa ya asubuhi ni fupi. Kisha chai, kisha kazi za mikono mpaka jua liwe kali. Mchana watu hupumzika, na ukikuta mzee amelala chini ya mti saa nane usimhesabie uvivu. Huenda usiku kucha alikuwa ziwani. Jioni ni twisheni, mazoezi ya kwaya, au jumuiya. Usiku huingia mapema na hakuna pa kwenda.

Msiba ukitokea, ratiba yote hii inafutwa. Kijiji kizima kinahamia kwenye matanga, Waislamu na Wakristo wa kila dhehebu, na wewe unakwenda. Hakuna anayetarajia useme chochote. Kaa mkekani na wenzako, beba kuni, osha sufuria. Watu wataanza kukuita kwa jina lako baada ya hapo.

Jumuiya ni nini?

Kwa wasio Wakatoliki: ni Jumuiya Ndogo Ndogo, familia kadhaa za jirani zinazosali pamoja kila wiki, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wanasoma Injili, wanaulizana hali, wanachanga, wanapanga nani aende kumlimia mjane. Ukitaka kujua kijiji kinavyoendeshwa, nenda jumuiya kabla hujaenda ofisi ya mtendaji. Na ukipewa zamu ya kusoma, soma polepole. Vijana wa mjini mnasoma mbio mno.

Jumapili ikoje?

Ndefu. Jiandae kwa saa mbili na nusu kanisani, kwaya mbili zikishindana kimya kimya, halafu matangazo, halafu mnada. Wageni wengi hawajawahi kuona mnada wa sadaka, basi nieleze.

Huku si kila mtu ana fedha taslimu ya kutoa. Anayo mayai, mkungu wa ndizi, machungwa kwenye ndoo (na machungwa ya Ukerewe yana sifa mpaka Mwanza), jogoo aliyefungwa miguu, furushi la miwa. Hivi vyote hupelekwa altareni wakati wa matoleo, jogoo naye akitoa mchango wake katikati ya sala. Misa ikiisha, watu wanasimama nje na mtu mwenye sauti anapanda juu ya benchi. "Jogoo huyu, elfu tano! Nani anaongeza? Elfu sita kwa mwalimu! Baba mwenye mashine, umenyamaza?" Watu hutajana kwa vyeo na utani, na aliyetajwa hawezi kukaa kimya. Mara nyingi aliyeshinda humrudisha jogoo yule yule anadiwe tena. Nimeona kuku mmoja akiuzwa mara tatu na bado akarudi kwa mama aliyemtoa, kwa sababu mshindi wa mwisho alimzawadia.

Njoo na noti ndogo ndogo. Kununua mayai ya mnada ni njia nzuri kuliko zote ya kuchangia bila kujionyesha.

Mbona wiki nyingine kanisa limejaa wanaume na nyingine hakuna hata mmoja?

Hili nalipenda kulijibu, maana ndilo linaloeleza kisiwa. Angalia mwezi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Taa zinaelea majini, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazingira kutoka chini. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa hazina maana. Mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, wanaume wanarudi nyumbani. Wavuvi hugawa mwezi wao sehemu mbili: giza na mbalamwezi.

Wakati wa giza, Jumapili asubuhi wanaume ndiyo kwanza wametoka majini na wamelala, na akina mama wako mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia, wakianika. Dagaa wakipata jua zuri hukauka kwa siku moja. Mvua ikiwawahi wanaharibika, bei inaanguka, na mzigo unaishia kuwa chakula cha kuku. Usimlaumu mama aliyechagua kuanika kuliko kuja ibadani. Ile ndiyo ada ya shule ya watoto wake, na dagaa wale wana safari mpaka Congo. Paroko mwenye busara hupanga ndoa, mafungo na vikao vya michango siku za mbalamwezi, na hupendelea siku zake za mwanzo. Kwa nini za mwanzo? Kwa sababu mgawo wa wavuvi hutolewa giza linapoisha, na wiki moja baadaye fedha nyingi imeshapita kwenye vibanda vya bia.

Pasaka hapa ina bahati. Huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo Juma Kuu mara nyingi hukuta mitumbwi ya dagaa imevutwa nchi kavu. Ijumaa Kuu ya huku ina umati wa wanaume usiouona mwaka mzima. Krismasi haifuati mwezi. Ikiangukia giza, mkesha huwa wa akina mama na watoto, na baba zao unaona taa zao tu kule majini.

Ukipanga kuja na semina ya vijana au mafunzo ya akina baba, fungua kalenda yenye mwezi kabla ya kutuandikia tarehe.

Nitatumwa kwenye visiwa vidogo?

Ukikaa muda wa kutosha, ndiyo. Parokia ina vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, na vingine viko ng'ambo ya maji. Padre hafiki kila wiki. Katekista ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili, anafundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), anazika. Padre akienda, safari huwa ya siku mbili tatu: kitubio, misa, ubatizo, kesi za ndoa, kupatanisha waliogombania nyavu. Wewe unabeba sanduku la vifaa vya misa, na ole wako liingie maji.

Kambini mwaloni maisha ni mengine kabisa. Watu wametoka kila upande: Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma, Wahaya, Waluo. Wanahama kufuata samaki, kwa hiyo kwaya uliyoifundisha mwezi huu mwezi ujao imebaki nusu. Tunalala kwa familia ya mwenyekiti wa kigango na si kwenye vyumba vya kupanga vya kambi, na wadada hawaendi peke yao. Hilo nalo halina mjadala.

Nitahubiri?

Hapana, labda paroko akuombe. Utaombwa kusema "neno kidogo" mbele ya watu mara nyingi kuliko unavyofikiri: jitambulishe, sema unatoka wapi, washukuru, kaa. Mafundisho ya dini yana walimu wake.

Wamisionari wa kwanza walifikaje huku?

Kwa gharama. Luteni George Shergold Smith na Thomas O'Neill wa CMS (Church Missionary Society), shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, waliuawa hapa Ukerewe Desemba 1877, zama za mtemi Lukonge. Ugomvi wa mtemi haukuwa wa dini. Ulikuwa kati yake na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro, ambaye alikimbilia kwao, nao wakampokea. Wakafa pamoja naye. Wakatoliki waliingia baadaye, Wamisionari wa Afrika, shirika linalojulikana pia kama White Fathers, wakafungua misheni ya Kagunguli katika miaka ya 1890, na parokia hiyo ingalipo. Siku hizi parokia za Ukerewe ziko chini ya Jimbo la Bunda, lililoundwa 2010. Mapadre na masista utakaowakuta ni Waafrika, baadhi ni watoto wa humu humu. Anayekuja akidhani atakuta Mzungu mwenye ndevu anaendesha kila kitu, amechelewa miaka mingi.

Nitakula nini?

Ugali, mara nyingi wa muhogo au uliochanganywa. Usipouzoea utauona mzito wiki ya kwanza. Mboga ni dagaa, mlenda, maharage, majani ya maboga. Viazi vitamu kwa chai. Watu hudhani kisiwani samaki wakubwa ni wa kumwaga, sivyo. Sangara mnono anakwenda viwandani Mwanza na kutoka huko nchi za nje, na sato ana bei. Ukitengewa sato mzima kwenye sahani nyumbani kwa mtu, jua umeheshimiwa, na mwachie mtoto wa nyumba kipande.

Kukataa chakula ni kosa kubwa kuliko kula kidogo. Kama una mzio au dawa, mwambie mama wa jikoni siku ya kwanza, waziwazi.

Naweza kuogelea ziwani?

Maji yanavutia, najua. Usiingie. Kichocho kipo kwa wingi kandokando ya ziwa. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi, na huhitaji kunywa hayo maji ili uambukizwe. Ukilazimika kukanyaga maji wakati wa kupanda mtumbwi, jikaushe mara moja, na ukirudi nyumbani subiri wiki kadhaa kisha ukapime. Dawa yake ni praziquantel, inapatikana, usijitibu kwa kukisia. Watoto utawaona wanacheza humo siku nzima. Nao wanaugua, na ndiyo maana dawa hugawiwa shuleni.

Maji ya kunywa ni ya kuchemsha. Kipindupindu hujitokeza, hasa nyakati za mvua.

Na malaria?

Ipo. Chandarua chenye dawa, kila usiku, hata kama joto linakusumbua. Ukisikia homa sema siku hiyo hiyo. Zahanati ziko karibu, hospitali ya wilaya iko Nansio, na rufaa ni Mwanza, yaani ng'ambo. Mwenye ugonjwa wa kudumu unaohitaji daktari bingwa wa ghafla asije kwanza. Tunasema hivyo kwa upendo.

Umeme na mtandao?

Nansio upo, vijijini inategemea, visiwa vidogo ni sola. Mtandao hupatikana ukijua ni mti gani wa kusimama chini yake. Mawakala wa kutuma na kupokea fedha wapo hadi mialoni.

Nivae nini?

Wadada: sketi au gauni lipitalo magoti, na kanga mbili ambazo zitafanya kila kazi. Wakaka: suruali kanisani, kaptura shambani tu. Viatu vya plastiki vya kuingia matopeni. Koti la mvua. Acha jinzi zilizochanika Dar es Salaam.

Naweza kupiga picha?

Omba ruhusa, na kwa watoto omba kwa mzazi. Hupigi picha mgonjwa, msiba, wala mtoto anayelia ili ukachangishe fedha. Ukerewe ina jamii ya watu wenye ualbino ambao miaka iliyopita waliishi kwa hofu kubwa kutokana na mauaji yaliyotokea Kanda ya Ziwa. Usiwageuze mandhari ya simu yako. Na kanuni ya ulinzi wa watoto: hakuna kukaa na mtoto chumbani peke yenu, hakuna kumtumia ujumbe wa faragha, kwa yeyote, padre akiwemo.

Watu wakiniomba pesa?

Watakuomba, mgeni anaonekana ana kitu. Usikopeshe. Ukiguswa na shida ya mtu, ipeleke kwenye jumuiya yake au kwa masista. Wao wanajua nani amelala njaa kweli na nani ana deni la pombe. Msaada uliopitia kwenye jumuiya pia haumwachi mtu akiwa na aibu kwako. Wapo watakaosema ni urasimu. Kwangu mimi ni adabu.

Kiswahili kinatosha?

Kinatosha. Nyumbani watu huzungumza Kikerewe, Kijita na Kikara, na wazee hufurahi ukijifunza salamu. Wakubwa waamkie shikamoo bila kusubiri watazame; kwa Wakatoliki ongeza "Tumsifu Yesu Kristo", utajibiwa "Milele, amina". Katekista ni "mwalimu", hata kama umri wake ni sawa na wako.

Vibali na gharama?

Mtanzania alete barua ya utambulisho ya paroko au mchungaji wake na kitambulisho. Tutamripoti kwa mwenyekiti wa kijiji. Asiye raia, pamoja na ndugu zetu wa Kenya na Uganda, asije kwa viza au pasi ya matembezi akidhani atafanya kazi. Wamisionari na wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi Daraja C kupitia taasisi inayowapokea, na huchukua muda, basi tuandikie mapema. Nauli ni yako, na unachangia chakula. Malazi tunatoa: kitanda, chandarua, ndoo.

Nikitaka kuondoka kabla ya muda?

Ondoka kwa amani, hakuna mkataba wa kukufunga. Mwambie paroko, na mwambie mama wa jikoni, maana yeye ndiye anayepima unga. Usikate tiketi ya ndege ya siku ile ile unayovuka. Upepo ukiharibu ratiba ya meli hakuna wa kukurudishia nauli. Weka siku nzima katikati, lala Mwanza.